Kipimo kwenye Pikapu ya Isidori

Isidori hakuwa mtu wa ugomvi. Akiwa na neno baya la kumwambia mtu, alivua kofia kwanza. Kwa hiyo Prudence, fundi umeme wa magari pale Manyamanyama, Bunda, alipomwona anashuka kwenye pikapu yake na kofia iko mkononi tayari, aliweka koleo chini, akafuta mikono, akasubiri kuambiwa.

"Dada fundi, usinielewe vibaya," Isidori alisema kwa sauti ya juu. Gereji ilipakana ukuta na mashine ya kusaga, na mchana kutwa hapakuwa na mtu aliyezungumza pale kwa sauti ya kawaida. "Gari inakunywa mafuta. Inakunywa vibaya. Natoka Musoma na dagaa wangu, tenki imejaa, nikifika hapa mshale umelala."

"Tangu lini?"

"Tangu mzee ashike kabureta."

Prudence aliokota koleo lake tena. Mzee aliyetajwa alikuwa Mzee Burito wa Butiama, na Mzee Burito alikuwa baba yake.

"Na sio mimi peke yangu," Isidori aliendelea, kofia ikizunguka vidoleni. "Kule Musoma, mtaa wa Mukendo, wanasemaga sikio la mzee limekwisha. Mimi nilikuwaga nawakatalia. Sasa nashindwa, na mimi mwenyewe nimeshaanza kusema."

Ieleweke kwamba sikio la Mzee Burito halikuwa sikio la hivihivi. Mzee alikuwa fundi wa malori ya pamba kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi Butiama na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mti. Mtu akileta gari la kabureta, mzee aliliacha lingurume, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Kisha alizungusha skrubu ya kabureta, ile inayogawa mafuta na hewa, nusu mzunguko, robo, robo kurudi nyuma, na gari likaondoka na adabu zake. Watu walitoka Musoma kumfuata, wengine Tarime. Magari ya kabureta yamebaki machache mkoani Mara, lakini yale yaliyobaki yote yalimjua.

Akiwa anasikiliza, mzee hakutaka kelele. Zamani ilitosha watu kunyamaza. Mwaka juzi alianza kuwataka wasimame nje ya uzio. Baadaye akapiga marufuku redio, yake na ya jirani. Mwaka huu kuku wake walihamishiwa kwa huyohuyo jirani, Mzee Samweli, kwa kosa la kutangaza kila yai wanalotaga. Huko kwa Mzee Samweli wakaendelea kutangaza, na mayai yakaliwa na Mzee Samweli. Watu walisema Mzee Burito anazidi kuwa makini.

Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia binti yake simu. Alieleza mtama umefikia wapi, nani amekufa, nani amejenga, akasema "Haya, salimia watu," akakata. Kwa miaka miwili Prudence hakupata hata upenyo wa kutoa shikamoo. Alizoea kuwasimulia mafundi wenzake kisa hicho wakati wa chai, akimwigiza baba yake mpaka na kikohozi, nao walicheka chai ikawapalia. Mama yake naye, Marieta, ambaye kwa ubishi alijulikana kata nzima, alikuwa ameacha kabisa kubishana na mumewe. Kanisani walimpongeza kwamba utu uzima umemletea utulivu.

"Nitakufungia kipimo," Prudence alimwambia Isidori.

"Kipimo cha nini?"

"Cha hewa na mafuta. Kinakaa kwenye dashibodi, kinaonyesha namba. Kama injini inakula mafuta kupita kiasi, namba inashuka. Kama baba yangu alikosea, tutaona. Kama wewe unamsingizia, tutaona vilevile."

Isidori alifikiri, akavaa kofia. "Kikisema mzee yuko sawa, nitaenda Butiama kumwomba msamaha mbele ya watu."

"Watu gani?"

"Wowote nitakaowakuta."

Kipimo chenyewe Prudence alikijua kilipo. Hasani, mwenye duka la vipuri kule Mukendo, alikuwa nacho kwenye boksi tangu alipokiagiza kwa ajili ya kijana mmoja wa magari ya mbwembwe. Kabla hakijafika, kijana alikuwa ameoa na gari ameliuza. Hasani alimkabidhi Prudence lile boksi kama mtu anayemtoa mgeni aliyekaa muda mrefu kupita adabu.

Kilikuwa kitu cha mviringo, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya asali, na waya mrefu wenye sensa mwishoni. Maelezo yake yalisema kumi na nne nukta saba ndiyo namba ya injini iliyoshiba vizuri. Chini ya hapo petroli inazidi, juu ya hapo hewa inazidi. Prudence aliyasoma mara tatu. Alichagua umeme zamani, baba yake alipotaka ashike injini, kwa sababu waya mtu anaufuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna haja ya kufumba macho ukabahatisha. Hata hivyo hakuwahi kuamini kwamba baba yake anabahatisha.

Kazi ilimchukua siku mbili. Fundi wa kuchomelea alitoboa bomba la moshi chini ya injini akachomea nati, na Prudence akaifunga sensa humo, kichwa chake kikielekea juu ili maji yasije yakailalia. Waya aliupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini hadi ndani. Waya mwekundu wa kipimo aliupa moto wa swichi kupitia fyuzi, ili kipimo kiamke pamoja na ufunguo na kilale pamoja nao. Mweusi ulikwenda ethi, yaani kwenye chuma cha gari. Mweupe aliuunga na taa, maana maelezo yalisema usiku kipimo kinapunguza mwanga chenyewe kisimchome dereva macho. Isidori alipojaribu taa saa sita mchana na namba zikafifia, alitoka ndani ya gari na kutoa taarifa kwamba kimekufa.

"Hakijafa," Prudence alisema. "Zima taa."

"Kimefufuka," Isidori alisema.

Injini ilipopata moto, namba ikatulia kwenye kumi na sita nukta nane.

Prudence aliitazama kwa muda. Hewa nyingi, mafuta kidogo. Kwa namba hiyo pikapu haikuwa inakunywa mafuta, ilikuwa inafunga saumu. Alitaka kushangilia, lakini yeye ni fundi, akajilazimisha kuhakikisha. Aliufungua ule waya wa ethi, akakwangua rangi, akaufunga upya kwenye bloku ya injini. Kumi na sita nukta nane. Akapima moto wa swichi. Uko sawa. Akafungua plagi moja ya injini.

Plagi ilikuwa nyeusi tii, ina masizi mazito yanayonuka petroli. Injini yenye njaa haitoi plagi ya namna hiyo, na Prudence alilijua hilo tangu yuko darasa la tano, kwa sababu aliyemfundisha ni Mzee Burito. Aliigeuza plagi vidoleni. Akajiambia ni masizi ya zamani. Akaifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa, akairudisha mahali pake. Nyuma ya ukuta mashine ya kusaga ilikuwa inamalizia gunia la mtu.

"Sasa?" Isidori akauliza.

"Sasa tunaenda Butiama," Prudence alisema. "Na kofia yako uje nayo."

Njiani Isidori aliendesha huku akikitupia kipimo macho kuliko alivyoitazama barabara. Namba ilipanda na kushuka kwenye milima lakini haikuwahi kwenda upande wake. Madirisha yalikuwa wazi, upepo unavuma, na yeye alikuwa anajitetea bila kupumzika: labda kuna mtu anamnyonyea mafuta, labda tenki linavuja, labda petroli ya siku hizi ni nyepesi. Mpaka wanaiacha barabara ya Musoma na kushika ya Butiama, alikuwa amekwisha kujiona mchawi aliyemsingizia mzee wa watu.

Mzee Burito alikuwa uani, amevaa koti lake la kazi, na Mzee Samweli amekaa pembeni kwenye kigoda. Marieta alitokeza mlango wa jikoni. Shikamoo zilitolewa na kupokewa. Prudence alieleza sababu ya safari, na baba yake alimtazama usoni muda wote anapoeleza, bila kupepesa, kama alivyozoea siku hizi.

"Wamenileteaga mashine nyingi za kunipima," mzee alisema. "Hii ndio imekuja na mtoto wangu. Washa."

Isidori akawasha. Mzee akainua mkono juu, na uani pakawa kimya. Sheria yake ilijulikana. Mzee Samweli aliacha kutafuna. Marieta alishika mfuniko wa sufuria usigonge. Mzee Burito akafungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda ambao heshima inautaka. Halafu akafumbua.

"Injini imetulia," akasema. "Mnasikia ilivyotulia? Prude, namba inasemaje?"

Prudence alichungulia ndani. "Kumi na sita nukta nane, Baba." Akamwonyesha na kwa vidole, bila kujua kwa nini anaonyesha kwa vidole.

Isidori alivua kofia. Alisimama mbele ya mzee, akasema kwamba amekosa, kwamba amelitembeza neno sokoni Bunda na Musoma, na kwamba atalirudisha neno hilo kulekule alikolipeleka, duka kwa duka. Alisema vizuri, kwa unyenyekevu, mpaka Mzee Samweli akaguna kwa kuridhika. Mzee Burito alipokea kwa kutikisa kichwa. Hakutabasamu, lakini mabega yake yalipanda kidogo ndani ya koti, na Prudence alipoona yale mabega alijisikia amefanya kazi ya maana kuliko zote alizowahi kufanya.

Akainama kwenye boneti kukusanya vifaa vyake. Na kwa kuwa uani palikuwa kimya, kimya alichokiagiza baba yake, akasikia.

*Tsi. Tsi. Tsi. Tsi.*

Ilitoka pale bomba la moshi linapoungana na injini. Gasketi ya kuziba kiungo hicho ilikuwa imeachia. Kila pigo lilitema moshi nje na kunyonya hewa ndani, na hewa hiyo ilikwenda moja kwa moja kwenye sensa. Kipimo kilikuwa kinasoma hewa ya uani, hakisomi injini. Prudence aliielewa yote kwa mara moja: plagi nyeusi, harufu ya petroli, mshale uliolala. Pikapu ilikuwa inakunywa. Isidori alikuwa amesema kweli tupu.

Mlio haukuwa mdogo. Mtu aliyekaa kwenye kigoda angeusikia. Lile sikio lililofuatwa na watu kutoka Tarime lilikuwa shubiri moja kutoka hapo muda mfupi uliopita, limewekewa na bisibisi, na limesema injini imetulia.

Alisimama na kisanduku cha spana mkononi. Angeweza kukifunga akaondoka. Isidori alikwisha kuomba msamaha mbele ya watu na asingethubutu kulalamika tena. Angenunua mafuta na kunyamaza mpaka gari lichakae. Jina la baba yake lingekaa salama. Prudence alilitaka hilo kwa moyo wake wote, na hakuona aibu kulitaka. Aliona aibu ya ile plagi aliyoifuta kwa kitambaa.

Akaweka kisanduku chini. Akamshika baba yake mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu tangu akiwa mtoto, akausogeza ndani ya boneti, akaushikilia kiganja wazi mbele ya gasketi. Pumzi ya moto ikampiga mzee kiganjani, ikaacha, ikampiga tena.

Mzee Burito alikitazama kiganja chake. Kwa mtu aliyekaa na injini miaka yote ile hapakuwa na haja ya maelezo. Akamwangalia binti yake mdomoni.

"Inalia?"

Prudence akakubali kwa kichwa.

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, Baba."

"Na hawa wanaisikia?"

Prudence aligeuka. Isidori alikuwa anaitazama boneti. Mzee Samweli alikuwa anaitazama ardhi, kwa jinsi mtu anavyoitazama ardhi akiwa amesikia kitu tangu mwanzo na akadhani ni kawaida ya gari. Prudence akakubali tena kwa kichwa.

Mzee alichomoa mkono wake taratibu, akaufuta kwenye koti. "Isidori," akaita. "Vaa kofia. Msamaha wako chukua, nimekurudishia."

Aliomba spana ya kumi na mbili, akakaza nati mbili za bomba moja baada ya nyingine mpaka gasketi ikakaa, na ule mlio ukafa. Prudence aliingia kwenye kiti cha dereva. Namba ilishuka mbele ya macho yake: kumi na tano, kumi na tatu, kumi na moja nukta tatu. Hapo ikakaa. Isidori, aliyeegemea dirishani na ambaye wiki moja kabla hakujua kitu kinachoitwa kipimo cha hewa, aliisoma kwa ufasaha.

"Mafuta," akasema kwa sauti ya chini. Hakuonekana kufurahia ushindi.

Mzee Burito alikuwa amekwisha kuweka bisibisi kwenye skrubu ya kabureta. "Taja namba."

"Kumi na moja nukta tatu."

"Taja."

"Kumi na moja nukta tatu, Baba!"

"Kwa nguvu, mama!" mzee akapaza sauti kutoka nyuma ya boneti. "Kwa nguvu! Sisikii!"

Ikawa imesemwa. Marieta aliweka mfuniko kwenye sufuria, ukagonga, na safari hii hakuna aliyeshtuka. Prudence alivuta pumzi. Alikuwa na mapafu yaliyolelewa na mashine ya kusaga, na aliyatumia yote.

"KUMI NA MBILI!"

Kwa Mzee Samweli kuku walitawanyika.

"KUMI NA MBILI NUKTA TISA! KUMI NA TATU! KUMI NA NNE! ONGEZA KIDOGO! KUMI NA NNE NUKTA SITA! ACHA HAPO, BABA, ACHA!"

Mzee aliacha. Machozi yalikuwa yanamtiririka Prudence na aliyaacha yatiririke, mikono yake ikiwa kwenye usukani. Kupitia upenyo chini ya boneti alimwona baba yake akiipeleka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, kwa mazoea, akafumba macho na kukaa hivyo.

Wakati wa ugali Marieta ndiye aliyefungua mdomo. "Mwaka wa pili huu sibishani, nani abishane na ukuta?" alisema. "Nilimwambiaga aseme. Akasema atasema magari yakiisha."

"Hayajaisha," mzee alisema. Alikuwa anamtazama mkewe mdomoni. Isidori akasogeza bakuli la mboga karibu naye.

Wiki iliyofuata Isidori alipita Manyamanyama na gasketi mpya. Alisema petroli inabaki, kisha akavua kofia.

"Kuna nini tena?" Prudence aliuliza, akiinua sauti juu ya mashine.

"Hicho kipimo. Kitoe. Gari yangu imepona, haina haja ya daktari kulala nayo. Kipeleke kwa mzee."

Prudence alikichomoa. Akakitengenezea kisanduku cha mbao chenye vibanio viwili vya kubana betri, na ile sensa akaifungia kwenye kipande cha bomba kinachochomekwa nyuma ya ekzosi, ili gari lolote liweze kupimwa bila kutobolewa. Gari la kwanza kupimwa lilikuwa la mtu wa Tarime. Mzee alizungusha skrubu, Marieta akataja namba, na walioshuhudia wanasema walibishana juu ya kila nukta.

Jumapili baada ya ibada simu ya Prudence ikaita. Mzee alieleza mtama umefikia wapi. Alieleza nani amekufa. Alieleza kwamba kuku wamerudi nyumbani, isipokuwa wawili ambao Samweli ameshindwa kuwatolea maelezo.

"Haya, salimia watu," akasema.

Prudence alishusha simu kama alivyozoea. Ilikuwa bado haijafika mezani alipogundua kwamba haijakatwa. Akairudisha sikioni. Mzee alikuwa anapumua upande wa pili.

"Sasa sema wewe," mzee akasema. "Polepole. Na kwa nguvu, kama unataja namba."

Mashine ya kusaga ilikuwa imefungwa, Manyamanyama yote imetulia. Prudence alikuwa na habari za miaka miwili na hakujua aanze na ipi. Akasimama katikati ya gereji tupu, akajaza mapafu.

"SHIKAMOO, BABA!"

"Marahaba," mzee akaitikia.